Ukoga kwenye makaburi ya zamani Moshi

Wakuu, makaburi ya miaka ya 1930 hapa Moshi, mawe ya marumaru, ukoga (utando unaoota juu ya jiwe) umeziba majina. Fundi anataka kutumia jiki na brashi ya waya, kisha azibe nyufa kwa saruji. Ni sawa?

Jibu 1: Mzuieni jamani! Jiki huacha chumvi ndani ya jiwe. Ikikauka hugeuka fuwele, uso unamomonyoka. Waya huchimba herufi, na vipande vyake hushika kutu. Lowesha jiwe kwanza, sugua kwa brashi laini ya nailoni na maji matupu, ukianzia chini ili michirizi isikauke juu ya jiwe kavu. Ukoga mgumu, kijiti cha mbao. Uso ukimenyeka kwa kidole, usiguse kabisa.

Jibu 2: Saruji ni ngumu mno: maji yanakwama nyuma yake, linalopasuka ni jiwe. Badala yake changanya chokaa sehemu 1, mchanga uliochekechwa sehemu 3, ziba nyufa, kisha funika kwa gunia bichi siku 5 hadi 7. Kabla ya yote pigeni picha asubuhi, jua likiwa pembeni. Herufi zilizofifia hujitokeza.

Muulizaji: Asanteni sana. Saruji ya zamani tuibandue?

Jibu 2: Iliyolegea tu, mkuu. Iliyoshika itang'oka na marumaru.