Mjini kati Arusha: biashara mpya zitaingiaje kama mlango ni kodi ya pango ya mwaka mzima?

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii kwa wakazi na wafanyabiashara wa Arusha, tubishane kwa hoja.

Kila tunapozungumzia kuvutia biashara mpya katikati ya jiji tunaishia pale pale: apatikane mwekezaji mkubwa ajenge jengo la maduka, na machinga waondolewe barabarani. Nasema yote mawili yanakwepa tatizo. Anayetaka kuanza biashara kati ya Mnara wa Saa na Soko Kuu anakwama kwa dalali, hata kwenye leseni hajafika.

Tupige hesabu. Tuseme fremu, yaani chumba cha duka, ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya mwaka, yaani 4,800,000 mkononi. Dalali anataka ya mwezi mmoja. Anayehama naye anadai kilemba, yaani fedha ya kukuachia nafasi. Halafu kuna kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo kisheria hukatwa kwenye pango la mwenye nyumba lakini mara nyingi anaibeba mpangaji juu ya makubaliano: 480,000 nyingine. Hapo hujapaka rangi, hujatundika rafu, hujaingiza mzigo.

Nani anaiweza hesabu hiyo? Ni yule ambaye tayari ana duka. Na mtu aliyefunga fedha ya mwaka mzima kwenye kuta hajaribu jambo geni, anafanya lile ambalo jirani yake limemlipa. Ndiyo maana tunaona duka la simu pembeni ya duka la simu, vipodozi pembeni ya vipodozi. Fundi wa viatu vya ngozi, binti anayeoka mikate, kijana anayetaka kukodisha baiskeli kwa watalii, hao wanakwenda Sakina au Kwa Mrombo, nje ya mjini kati, kwa sababu huko wanaweza kupata chumba kwa kodi ya miezi mitatu.

Hao wakubwa tunaowangoja tuliwahi kuwa nao. Supamaketi ya Shoprite ilikuwa hapa kwenye jengo la maduka la TFA, wakauza maduka yao kwa wenzao wa Nakumatt mwaka 2014, na Nakumatt nao wakaanguka miaka michache baadaye. Uamuzi ulifanyika mbali na Arusha, na aliyepanga pembeni akitegemea wateja wa supamaketi hakuwa na la kusema.

Pendekezo langu ni kuanza na majengo ambayo umma una sauti nayo. Mwaka 1971 nyumba nyingi za kupangisha zilitaifishwa, na zile zilizobaki mikononi mwa umma ziko chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Halmashauri nayo ina maduka na vibanda vyake. Kwanza ikaguliwe nani yumo ndani, maana sote tunajua fremu ambazo aliyeandikwa kwenye mkataba siye anayeuza. Yeye anakusanya tofauti ya kodi tu. Fremu zitakazorudi zigawanywe ziwe vyumba vidogo na wapewe wanaoleta huduma ambayo mtaa huo hauna. Miezi sita ya kwanza walipe mwezi kwa mwezi.

Miezi sita sikuiokota hewani. Kwenye bajeti ya 2019/20 Serikali ilimpa anayefungua biashara mpya miezi sita tangu apate TIN (namba ya mlipakodi) kabla ya kuanza kudaiwa kodi ya mapato. Kama TRA inaweza kungoja, jengo la umma linashindwaje?

Mwenye nyumba, Levolosi

Kijana wangu, umeongea vizuri ila upande wetu umeuruka. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi akikwama mwezi wa tatu anafunga kufuli, mzigo ndani, simu haipokei. Kumtoa ni barua, ni baraza, ni wakili, na miezi yote hiyo fremu haiingizi kitu. Kodi ya mwaka ndiyo bima yangu. Benki niliyokopa kujenga hainipi miezi sita ya kupumua. Na Sheria ya Kudhibiti Pango ilishafutwa mwaka 2005, kwa hiyo masharti ni mapatano yangu na mpangaji.

Mkazi wa Njiro

Mimi nauliza, kwa nini mjini kati? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji hili, ya 2022 ikakuta 617,631. Hao walioongezeka hawakujenga Mtaa wa India. Barabara ya Sakina hadi Tengeru imepanuliwa njia nne, uwanja wa AFCON 2027 unajengwa Olmoti. Biashara zifuate watu. Mjini hata pa kuegesha gari ni shida.

Mama lishe, Kilombero

Wanangu, mnaongea fremu, wengine hatujafika huko. Tulipoondolewa barabarani mwaka 2021, wateja hawakuhama na sisi. Niliyekuwa nauza sufuria mbili za wali kabla ya saa nane, huku nilikopelekwa moja ilikuwa inabaki. Kabla ya kuita biashara mpya, tulizeni hizi zilizopo.

Mleta mada

Mama, nakuunga mkono. Wafanyakazi wa maduka na ofisi wanakula mjini kila siku, na chakula hicho kinatoka kwa watu kama wewe. Kwenye majengo ya umma yenye ua wa nyuma, nafasi za kwanza ziwe za mama lishe, zenye maji na paa.

Mkuu wa Njiro, duka la dawa au la vyakula lifuate watu, sibishi. Lakini zipo biashara ambazo kila kata ina wateja wake wachache tu: fundi wa magitaa, muuza vitabu vilivyotumika, anayetengeneza kamera. Ukimweka Njiro, mteja wa Ngaramtoni hafiki. Akiwa mjini, ambako daladala nyingi zinaishia, wateja hao wachache wa kila kata wanakuwa wengi. Tena mgeni wa mkutano pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, anatembea kwa mguu hadi maduka ya Barabara ya Goliondoi. Kwa Mrombo hafiki. Tukiacha mjini kati kuwe kwa bidhaa za aina tatu tu, biashara za namna hiyo zitakosa mahali popote pa kuzaliwa Arusha.

Mzee wangu wa Levolosi, shikamoo. Hofu yako ni ya kweli, na ndiyo sababu sikuomba sheria ya kukulazimisha. Ila bima ya miezi 12 kwa hatari ya miezi mitatu ni nzito mno kwa anayeanza. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sehemu ya fedha hizo ingewekwa benki kama dhamana ya pango, mpangaji akikimbia ukalipwa miezi yako mitatu bila kwenda barazani, na deni likabaki kati yake na halmashauri. Ukipewa dhamana hiyo kwa maandishi, utakubali kupokea kodi kwa mwezi? Naomba na wenye nyumba wengine wajibu hili.