Mtu mzima unamwagaje makaa ya moto kwenye birika la farasi?

Wakuu, mikono inatetemeka. Nimetoka pikiniki yetu hapa Melbourne sasa hivi, hata moshi haujanitoka mwilini. Simtaji, mnamjua. Yule akishika maikrofoni mpaka watoto wanaota ndevu.

Pale pembeni ya bustani kuna birika la zege la kunyweshea farasi, juu yake majina ya Annis na George Bills. Nyama imeisha, jamaa kabeba karai la makaa, mekundu kabisa, kamwaga MLE NDANI. Pshhhh! Namwambia, kaka, hii ni sadaka ya watu. Ananijibu, "Farasi gani atakunywa?" Na nyie mkacheka!

Farasi gani atakunywa! George alichuma pesa kwa magodoro ya springi. Mkewe alifariki 1910, yeye 1927, mtoto hawakuwa naye. Wosia wake ndio uliojenga mabirika haya, mamia kwa mamia, mengi miaka ya 1930. Mengine yana kibirika cha chini, cha mbwa. Mtu kamfikiria hadi mbwa wa njiani! Halafu wewe, pshhhh. Nimesugua masizi kwa leso yangu, herufi ya kwanza ya Annis bado nyeusi.

Kasia_Moja: Nimeona "birika" nikaja mbio na kikombe.

BintiMkwakwani: Kwa kuwa chai imetajwa: mkutano uliopita nani kaondoka na chupa yangu ya chai? Nyekundu, ya maua.

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada. Makaa. MEKUNDU. Ndani ya maji.

KobeMzee: Mkuu, watu wanakula mbavu, wewe uko na leso unaliogesha zege? Pole sana.

Kasia_Moja: Mbavu zipi? Nimechanga dola 30 nikapewa shingo.

KobeMzee: Shukuru. Mimi nimepewa mfupa, na ulishapita kwa mtu.

Mleta uzi: Yaani kaniangalia usoni, ndipo akamwaga!

Ndizi_Bukoba: Ile hela ya mchango isomewe hesabu. Mbuzi wanne tuliambiwa, mimi nimehesabu vichwa viwili.

Kasia_Moja: Viwili? Kimoja kilikuwa cha kondoo.

BintiMkwakwani: Mfuniko wake pia una ua. Mwenye nayo anisogezee inboksi, sitamuuliza kitu.