Shairi huru ni shairi au sio? Mimi nasema tumesahau sikio

Wakuu, huu ubishi wa shairi huru, yaani lisilofuata vina na mizani, upo tangu enzi za kina Kezilahabi, mshairi wa Tanzania, na bado haujaisha. Juzi tu mdau mmoja kasema utungo usio na vina (silabi za mwisho zinazolingana sauti) na mizani 16 (silabi 16 kwa kila mshororo, yaani mstari) ni insha iliyokatwakatwa, mwenzake akamjibu kwamba vina na mizani ni minyororo ya wazee. Mimi nawapinga wote wawili.

Nianze na huyu wa 16. Nani kasema shairi ni 16 peke yake? Hiyo ni tarbia tuliyoizoea, mishororo minne, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na 8 za utao (nusu ya pili), vina vya kati na vya mwisho, ndo alivyotunga mshairi wa zamani Muyaka kule Mombasa. Lakini mshairi Mwana Kupona alipomuusia binti yake mwaka 1858 alitumia utenzi, mizani 8 basi, na kina cha kati hakimhusu. Al-Inkishafi, shairi la zamani linaloulilia mji wa Pate ulioanguka, ina mizani 10. Kwa hiyo ukishikilia 16 tu unawafukuza hata hao unaowaita wakongwe.

Na wewe wa minyororo, hebu niambie, mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya siasa, akiwa humo gerezani akatunga mashairi ya diwani yake Sauti ya Dhiki, kwa vina na mizani, na moto wake unauona. Arudhi, yaani hizo sheria za vina na mizani, ilimzuia kusema nini?

Shida naiona shuleni bana. Sheikh Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mwaka 1954, watu walikuwa wameshaimba mashairi karne na karne, yaani sauti ilitangulia na sheria ikafuata. Sisi tumegeuza. Mtoto anapewa shairi kwenye karatasi ya mtihani, anaulizwa beti ngapi, mishororo mingapi, bahari (aina ya shairi) gani, anajibu, anapata maksi zake na anamaliza shule hajawahi kusikia shairi likighaniwa, yaani likisomwa kwa mahadhi, hata mara moja! Atajuaje kwamba "mtu" ni mizani mbili kwa sababu hiyo m inatamkwa peke yake, ila kwenye "mbuzi" m imeshikana na bu? Kwa macho utakosea, ukitamka hukosei. Chukua hii nimeitunga sasa hivi:

Msimu ukitulia, mashua zarudi pwani
Wavuvi wakiingia, samaki tele sokoni

Soma kwa sauti, tena vuta kidogo pale kati. Hapo hata mtoto wa darasa la nne anasikia wapi pa kupumua, ndo umfundishe sasa kwamba hiki ni kipande, hiki ni kina, na hizo ni nane nane. Mkianza na istilahi mnamchosha bure.

Sasa mashairi huru. Kichomi, diwani ya Kezilahabi, ilitoka 1974 na wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, wakawaka kweli kweli. Mimi kwangu yale ni mashairi, tena mazito, maana aliyeacha vina aliweka kitu kingine mahali pake: taswira, marudio, mshororo mfupi unaokusimamisha ghafla. Ukiyasoma kwa sauti yanasimama. Ila wengi wa sasa hivi wanaandika sentensi ya kawaida kabisa, wanabonyeza enta kila baada ya maneno matatu halafu ukiuliza unaambiwa ni huru. Hapana jamani. Niambie umeukata mshororo hapo kwa nini. Kama huna jibu basi huyo mdau wa insha kakupata.

Na watu wa arudhi nao wasijifiche, wapo wanaokata neno na kulipinda mpaka halijulikani ili tu nane zitimie, kina kipo, maana hakuna. Hilo nalo halinishawishi hata likiwa na beti 20.

Kwa hiyo msimamo wangu: huru ni shairi, lakini mwanafunzi aanze na tarbia na utenzi, kwa mdomo na sikio, aghani kabla hajahesabu, akishajua mapigo ya lugha yake aamue mwenyewe abaki au aondoke. Na mtihani wa ushairi uwe na sehemu ya kughani, hata dakika tatu kwa kila mtoto.

Walimu wa Kiswahili naomba nyie mchangie kwanza. Darasa la watoto zaidi ya mia hilo la kughani linawezekana vipi, kwa vikundi au?