MJADALA: Kijana wa bajaji ya mkataba aoneshwe hati ya bima kabla ya kusaini, au hayamhusu?

Mleta mada, Tabora Mjini

Wakuu, salaam. Kuanzia Ipuli hadi Ng'ambo hapa Tabora, na Mwanga hadi Ujiji kule Kigoma, vijana wengi wanaingia barabarani kwa njia moja: tajiri au taasisi ya mkopo inanunua bajaji, kijana analeta hesabu kila siku, na muda ukiisha kadi inabadilishwa jina. Ndiyo mkataba wenyewe.

Kwenye mikataba hiyo bima inatajwa kwa mstari mmoja tu, kwamba chombo kina bima na dereva atafuata masharti yake. Masharti yenyewe hayaambatishwi. Kijana anasikia bima ipo, anaamini amefunikwa.

Tuseme bajaji ina thamani ya 9,000,000, mwenye nayo akaikatia bima kubwa, ile inayolipia hata chombo chenyewe, ya 6,000,000 ili ada ipungue. Ikagongwa, matengenezo 1,800,000. Kampuni haitoi 1,800,000. Chombo kimekatiwa theluthi mbili ya thamani, kwa hiyo dai nalo linahesabiwa theluthi mbili: 1,200,000. Hapo inatolewa ekses, ule mchango wa mwenye bima kwenye kila dai. Tuseme hapa ni 300,000. Inabaki 900,000. Zile 900,000 nyingine mkataba unamtupia dereva, na kwa hesabu ya 22,000 kwa siku ni karibu siku 41 za kazi. Wiki tatu za gereji hesabu inaendelea kuhesabiwa: siku 18 za kazi, 396,000 nyingine.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo kijana alilijua siku ya kusaini. Hoja yangu: mkataba usio na nakala ya hati ya bima usishuhudiwe, si na wakili wala mtendaji wa kata. Nawasilisha.

Wakala wa bima, Nzega

Naunga mkono, ila mleta mada umeanzia mbali. Umeanzia bima kubwa wakati vyombo vingi vya mkataba vina bima ndogo, ya mtu wa tatu. Hiyo inamlipa aliyegongwa. Bajaji yenyewe haitengenezwi, na mguu wa dereva uliovunjika hautibiwi. Dereva anahitaji bima ya ajali binafsi, ambayo ni hati nyingine yenye ada yake.

Kuna vipengele vinne ambavyo madai hukwama hapo mara kwa mara.

Matumizi. Chombo kimekatiwa bima ya binafsi kwa sababu ni nafuu, halafu kinabeba abiria kwa malipo. Ajali ikitokea na abiria yumo, kampuni ina sababu ya kukataa. Na ikilazimika kumlipa aliyeumia, inaweza kumgeukia mwenye bima idai ilichotoa. Soma mkataba wako kama hauna kifungu kinachohamishia deni hilo kwa dereva. Bajaji ya abiria inayobeba mitumba ya tumbaku Urambo au Kaliua msimu wa mauzo inaangukia humo humo.

Dereva. Baadhi ya hati zinamtaja dereva kwa jina. Nyingine zinamruhusu yeyote mwenye idhini na leseni halali ya daraja la chombo hicho. Leseni ya gari dogo pekee haitoshi kwa bajaji. Zipo pia zinazoongeza ekses kwa dereva aliye chini ya miaka 25 au mwenye leseni changa. Hii inawahusu vijana moja kwa moja na ndiyo haisemwi kabisa. Deiwaka, yule dereva wa muda unayempa chombo jioni, naye anapimwa kwa masharti hayo hayo.

Wizi. Utaombwa funguo zote mbili na taarifa ya polisi. Kama ufunguo mmoja ulibaki kwa tajiri na ukapotea huko, dai linayumba. Chombo kilichoachwa na ufunguo kwenye swichi, hata kwa dakika ya kununua maji, hati nyingi hazikilipii.

Muda. Bima ni miezi 12. Mkataba mara nyingi ni miezi 18. Mwezi wa 13 nani anakata bima mpya? Mikataba mingi iko kimya, na bima haianzi mpaka ada ilipwe.

Tajiri wa bajaji tatu, Kigoma

Mnatuzungumzia kana kwamba tunaficha kwa makusudi. Chombo ni changu, kadi ina jina langu, ada nimelipa mimi. Hati ya bima ni mkataba kati yangu na kampuni. Dereva anahusikaje?

Halafu tuseme ukweli wa barabarani. Dereva akijua ekses ni ya tajiri, ataipeleka bajaji kwenye makorongo bila huruma. Atampa deiwaka anayekunywa. Atajaza abiria watano kwenye chombo cha watatu. Kampuni ikigundua inakataa dai, na hasara ni yangu mimi niliyetoa milioni 9. Kifungu cha kumbebesha dereva gharama kinamfanya awe mwangalifu. Mkikiondoa, matajiri tutaacha mkataba tubaki na hesabu ya kawaida, na kijana hatamiliki chombo maisha yake yote.

Kiongozi wa kijiwe, Mwanga, Kigoma

Mkuu, nakuheshimu, lakini swali la dereva anahusikaje lina jibu. Kijana aliyemaliza mwezi wa 14 kati ya 18 ameshalipa sehemu kubwa ya bei. Bajaji ikiungua siku hiyo, fidia inakwenda kwa aliyeandikwa kwenye hati. Kama kuna taasisi ya mkopo, inaanza kulipwa yenyewe deni lake, kinachobaki kinakwenda kwa mwenye kadi. Kijana hayumo popote. Miezi 14 ya hesabu imeyeyuka kihalali kabisa, na karatasi zote ziko sawa.

Huyo ndiye anahusika.

Na kuhusu uzembe: mtu anawezaje kutii masharti asiyoyajua? Hapa kwetu kuna safari za kuelekea Manyovu. Dereva akipata mteja wa kuvuka kwenda Burundi, anavuka. Bima ya kawaida inaishia mpakani. Ukivuka inatakiwa Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima inayotambulika nchi jirani. Hakuna aliyemwambia. Akipata ajali upande wa pili utasema ni mzembe?

Afisa mikopo, Kasulu

Nisemee upande wa taasisi. Tunaandikwa kama mpokeaji wa kwanza wa fidia kwa sababu chombo ndicho dhamana. Hilo halitabadilika na sioni ubaya wake. Ubaya ni kutomwambia mkopaji, na pale ada ya bima inapochanganywa ndani ya marejesho bila kuoneshwa peke yake. Mkopaji ana haki ya kuuliza: katika 22,000 hii, bima ni shilingi ngapi, ya aina gani, imekatwa kwa thamani gani? Afisa asiyeweza kujibu hayo matatu hajafanya kazi yake.

Ila kuwazuia mashahidi, mleta mada, hakutafanya kazi. Watu watasainiana nyumbani bila shahidi. Bora yawepo maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yaunganishwe na leseni ya usafirishaji: huna maelezo, huna leseni.

Wakala wa bima, Nzega

Afisa, kubadili masharti ya leseni kunaweza kuchukua miaka. Kijana anasaini kesho. Afanye hivi: aingie kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, wa kuhakiki stika ya bima, aandike namba ya usajili, aone kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Ni bure na hahitaji ruhusa ya tajiri. Kisha aombe nakala ya hati, akague matumizi, dereva, thamani iliyokatiwa na ekses. Akikataliwa nakala, hilo pekee ni jibu.

Na kwa bodaboda, sisukumi bima kubwa. Kampuni nyingi zinasita kuiandika. Kwa chombo cha milioni 3, bima ndogo sahihi ya biashara, pamoja na ajali binafsi ya dereva, inaweza kumfaa kuliko bima kubwa ya jina tu.

Tajiri wa bajaji tatu, Kigoma

Kuonesha hati nakubali, sipotezi kitu. Ekses yote kuwa juu yangu sikubali.

Mleta mada, Tabora Mjini

Mkuu, hapo tumekaribiana. Ekses igawanywe kwa kosa. Dereva akivunja sharti aliloonyeshwa na kulisaini, abebe yeye. Ajali ya kawaida, au akigongwa na mwingine, mgawane nusu kwa nusu, na hesabu isimame siku chombo kipo gereji. Muda wa mkataba usogezwe mbele kwa siku hizo hizo. Pengo linalotokana na kukata bima chini ya thamani ni lako peke yako, maana wewe ndiye uliyechagua kiasi.

Na chombo kikipotea kabisa, fidia inayobaki baada ya deni la taasisi igawanywe kulingana na hesabu alizokwisha leta. Miezi 14 kati ya 18 ni karibu asilimia 78. Hicho kifungu kiandikwe kwenye mkataba wenyewe, maana kampuni ya bima haitamgawia kijana asiyetajwa kwenye hati.

Tajiri wa bajaji tatu, Kigoma

Asilimia 78 siafiki. Ndani ya hesabu kuna faida yangu na matengenezo, si bei ya bajaji tupu. Leteni mgawanyo unaotenganisha bei na faida, huo nitausaini.

Kiongozi wa kijiwe, Mwanga, Kigoma

Basi bei ya kununulia iandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Bila hiyo hatuna pa kuanzia kutenganisha.