Kidato cha pili kapelekwa Year 11: nijaze nini kwenye fomu ya shule?

Kutoka: Mama Neema, Leicester
Tarehe: 13 Januari 2026

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Kijana wangu amezaliwa Julai 2010, amemaliza kidato cha pili Tanzania na FTNA (mtihani wa taifa wa kidato cha pili) kafanya. Jana ofisi ya udahili ya shule imenipa fomu, wamemweka Year 11 kwa sababu ya umri. GCSE, mitihani ya mwisho ya Year 11, ni Mei, miezi minne tu! Kwenye fomu kuna kisanduku cha "masomo aliyosoma na kiwango alichofikia", mistari minne. Naombeni msaada kwa mambo mawili:

1. Kwenye kile kisanduku niandike nini?
2. Karatasi ya matokeo ya FTNA ni lazima igongwe muhuri, na agonge nani?

Fomu inatakiwa Ijumaa.

---

Kutoka: Mwl. Said, Reading
Tarehe: 13 Januari

Marahaba Mama Neema. Usiandike "Mathematics, B" ukaishia hapo. Herufi ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) haiwaambii kitu, maana kule A inaanzia 75 na C inaanzia 45, na wao hapa wana 9 mpaka 1. Waandikie mada. Mwalimu wa hapa akiona mada anajua papo hapo mtoto akae darasa lipi.

Kwa hisabati ya mtaala wa zamani, aliyemaliza kidato cha pili amesoma: vipeo na vipeuo, milinganyo ya kipeo cha pili, logi, pembetatu sawa na zinazofanana, Pythagoras, mwanzo wa trigonometria, seti na takwimu za awali. Yote hayo yamo kwenye GCSE isipokuwa logi. Logi aiweke pembeni, hataulizwa.

Asichosoma ndicho cha kukazania. Uwezekano kule ni kidato cha nne, hapa wanauanza mapema sana na Year 11 wanatakiwa wachore mti wa uwezekano bila kufikiri. Vekta na maumbo ya pande tatu, kidato cha nne. Duara, mfuatano wa namba na kanuni za funksheni, kidato cha tatu. Kwa hiyo kuna vipande vitano au sita vya kujaza. Hisabati nzima haina haja ya kuanzwa upya.

Kwa bodi za mitihani za AQA na Edexcel, karatasi ni tatu, kila moja dakika 90 na alama 80. Ya kwanza haina kikokotoo, na mtoto aliyezoea majedwali ya NECTA ataifurahia kuliko wenzake. Anakoyumba ni kwenye ya pili na ya tatu, maana kikokotoo hajawahi kuruhusiwa. Kosa la kwanza huwa ni hili: mashine imekaa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), hajui, anaandika sin 30 anapata -0.988 badala ya 0.5, na anaendelea nayo hadi mwisho wa swali. Kabla ya kila karatasi abonyeze sin 30. Ikitoka 0.5 yuko kwenye digrii.

Halafu muulize mkuu wa idara ni ngazi gani ya mtihani: Foundation au Higher? Foundation inafika daraja la 5 tu. Higher inaanzia 9 kushuka hadi 4, na 3 kwa waliokosa kidogo. Ukiteleza chini ya hapo, hupewi daraja. Usajili wa mitihani hufungwa Februari, kwa hiyo uliza wiki hii.

---

Kutoka: Dada Rehema, Leeds
Tarehe: 13 Januari

Mwl. Said, kwa heshima zote, kila mara mjadala ukianza unaukimbiza kwenye hisabati. Hisabati ni lugha moja kila mahali. Panapowakwamisha hawa watoto ni Kiingereza, na ni masomo MAWILI, Language na Literature, mitihani tofauti.

Mama Neema, fuatilia hapa. Language ya AQA ina karatasi mbili, saa 1 na dakika 45 kila moja, alama 80 kila moja. Swali la mwisho la karatasi ya kwanza ni kuandika maelezo au hadithi, alama 40 peke yake: 24 za maudhui na mpangilio, 16 za tahajia, nukta na sarufi. Watoto wetu zile 16 wanazipata vizuri, sarufi walichapwa nayo tangu kidato cha kwanza. Wanazozikosa ni zile za uchambuzi kwenye maswali ya kusoma.

Chukua sentensi hii: "Mlango ulijifunga kwa kushusha pumzi." Mtoto wetu anaandika: "Mwandishi anatuambia mlango ulifungwa." Hapo hana kitu, kasimulia tena. Wanataka aseme mlango umepewa uchovu wa binadamu, neno "pumzi" linaleta hali ya kukata tamaa, na msomaji anaanza kuihisi nyumba kabla hajamwona mtu ndani. Sasa hiyo ni nini kama si TASHIHISI? Kama mwalimu wake wa Kiswahili alishamfikisha kwenye tamathali za semi, kazi hiyo anaijua. Hajaambiwa tu kwamba ni ileile. Mkalishe chini, mwandikie safu mbili: tashbiha, sitiari, tashihisi, taswira upande mmoja, majina ya Kiingereza upande wa pili. Jioni moja inatosha.

Literature ndiyo mlima. Tamthilia moja ya Shakespeare, riwaya ya karne ya 19, kitabu au tamthilia ya baada ya 1914, na mashairi. Vitabu haviingii chumba cha mtihani. Kwa kuingia Januari, wenzake wameshamaliza vitabu vitatu. Muulize mwalimu majina kamili ya vitabu na kundi la mashairi leo leo, kwa sababu kila shule inachagua vyake na ukinunua cha shule nyingine umepoteza wiki. Aanze na dondoo fupi za maneno matatu manne. Dondoo ndefu inasahaulika na haimwongezei alama.

---

Kutoka: Baba Junior, Coventry
Tarehe: 14 Januari

Naongezea sayansi. Muulize ni Combined au Triple. Combined ni sayansi zote tatu kwa pamoja na inahesabika GCSE mbili. Triple ni tatu kamili. Kwa Januari, apewe Combined. Kemia ya kidato cha pili imemfikisha kwenye muundo wa atomu, jedwali la elementi na vifungo, vizuri kabisa. Moli ni kidato cha tatu, kemia ya kaboni kidato cha nne. Fizikia, anajua umeme, sumaku na sheria za Newton. Mawimbi na mnururisho hajagusa, vyote vya kidato cha nne kule. Baiolojia, kurithi na mageuko hajagusa.

Na majaribio ya maabara yana alama zake, asiyakose, akikosa jaribio anapoteza alama za mwisho.

---

Kutoka: Dada Rehema, Leeds
Tarehe: 14 Januari

Baba Junior, hilo la alama za maabara ni la zamani, tafadhali usimtishe mama wa watu. Siku hizi jaribio lenyewe halina alama. Maswali KUHUSU majaribio ndiyo yamo kwenye karatasi, na lazima yafike angalau asilimia 15 ya alama zote za sayansi. Aliyekosa kulifanya anaweza kujifunza kwa kusoma na kutazama, ila ajue hatua zake.

---

Kutoka: Baba Junior, Coventry
Tarehe: 14 Januari

Sawa, nimesahihishwa. Basi niandike hatua zenyewe za moja, osmosisi, kwa sababu hii kaisoma kidato cha pili kwenye usafirishaji na atashangaa inavyoulizwa.

Unakata vipande vya kiazi vya urefu na upana uleule, bila ganda. Unapima uzito wa kila kimoja, unakitia kwenye maji ya sukari au chumvi ya nguvu tofauti, kimoja kwenye maji matupu. Baada ya muda uleule kwa vyote unatoa, unakausha kwa karatasi, unapima tena. Kule ulitakiwa useme "kiazi kilivimba kwa sababu maji yaliingia." Hapa wanakupa namba: kilikuwa gramu 2.00, kimekuwa 2.24, badiliko ni asilimia ngapi? 12. Kwa nini asilimia na si gramu? Kwa sababu vipande havikuanza na uzito sawa. Kwa nini ukaushe? Maji ya juu ya ngozi yanapimwa kama vile yaliingia ndani. Kisha wanakuchorea grafu na kukuuliza inapokata sifuri maana yake nini: hapo nguvu ya maji ya nje ni sawa na ya ndani ya seli. Hizo "kwa nini" ndizo alama. Mtoto anayekariri hatua bila sababu hupata nusu.

Ile ya bureti na asidi, ambayo kule ni roho ya maabara ya kemia, hapa imo kwenye Triple tu.

---

Kutoka: Wanjiru, Luton
Tarehe: 14 Januari

Mama Neema, mbona mnakubali Year 11? Kata rufaa apelekwe Year 10! Mtoto wa Julai ni mdogo kuliko karibu darasa zima.

---

Kutoka: Mwl. Said, Reading
Tarehe: 14 Januari

Wanjiru, polepole. Rufaa ni ya mtoto aliyenyimwa nafasi. Ukishapewa nafasi kwenye shule hiyo, hata kama si darasa unalotaka, huna haki ya rufaa kwa jopo. Unachoweza ni kuomba kwa barua awekwe nje ya kundi la umri wake. Wanaoamua ni mamlaka ya udahili ya shule hiyo, na wanatakiwa waangalie maslahi ya mtoto huyo mmoja, wapate maoni ya mwalimu mkuu, kisha wakupe sababu. Ukikataliwa, unalalamika kwa utaratibu wa malalamiko.

Kwenye barua, usiseme "ni mdogo." Andika: mwaka wa shule kule ni Januari hadi Desemba, amemaliza miaka miwili kati ya minne ya sekondari, na hizi hapa mada ambazo hajafundishwa. Ambatisha karatasi ya mada. Mistari minne ya fomu haitoshi, andika "tazama kiambatisho."

Wakikataa kabisa, bado kuna njia. Akimaliza Year 11 atakuwa na miaka 16, na vyuo kadhaa vina mwaka mmoja wa GCSE kuanzia Septemba. Hesabu na Kiingereza asipopata 4 ataendelea navyo hata hivyo.

---

Kutoka: Wanjiru, Luton
Tarehe: 14 Januari

Asante mwalimu, nimeelewa. Kwetu Kenya sasa ni vigumu zaidi kueleza, mtoto wa 8-4-4 (mfumo wa zamani) na wa CBC (mtaala mpya) wanakuja na karatasi tofauti kabisa, na Grade 10 ya kwanza imeanza mwezi huu huu.

Swali langu ni historia. Mtoto anajua Mkutano wa Berlin wa 1884-85 na Majimaji ya 1905-07 kwa tarehe na sababu. Hapa anakuta 1066 na Wanormani, na angalau asilimia 40 ya somo ni historia ya Uingereza. Kile anachokijua ni nadra kuulizwa. Inaniuma.

---

Kutoka: Dada Rehema, Leeds
Tarehe: 15 Januari

Inauma kweli. Na Kiswahili vilevile, hakuna GCSE yake. Kuna Kiurdu, Kipolandi, Kigujarati, Kiajemi, cha kwetu hakimo. Njia iliyopo ni IGCSE (GCSE ya kimataifa) ya Cambridge, na lazima utafute kituo kinachopokea watahiniwa wa nje na ulipie mwenyewe. Ila kwa kijana huyu ningelipa. Ni somo moja ambalo hatajifunza chochote kipya cha lugha, anachohitaji ni kuzoea muundo wa karatasi.

Kisha tunashangaa watoto wanasahau. Wakati kule tunabishana miaka nenda rudi kama sekondari ifundishwe kwa Kiswahili au Kiingereza, mtoto wa kidato cha kwanza ananakili ubaoni neno asilolijua, mwalimu naye anamweleza kwa Kiswahili mlango ukifungwa. Mimi msimamo wangu haujabadilika, dhana ifundishwe kwa lugha mtoto anayoiota.

---

Kutoka: Baba Junior, Coventry
Tarehe: 15 Januari

Hapo dada sikubaliani nawe. Kijana wa Mama Neema anaingia Year 11 akijua maneno ya vifungo vya atomu kwa Kiingereza kwa sababu alifundishwa kwa Kiingereza. Ungempa yote kwa Kiswahili, Mei ingekuwaje?

Ila umenikumbusha shule. Rimu la gari limening'inia kwenye mwembe, kiranja analigonga kwa nondo, mstarini vumbi linapanda hadi magotini. Hapa kengele ni ya umeme na hakuna anayeimba asubuhi.

---

Kutoka: Mama Neema, Leicester
Tarehe: 15 Januari, saa 4 usiku

Mungu awabariki wote. Nimeandika kiambatisho kurasa mbili, hisabati na sayansi kama mlivyoelekeza, na barua ya kuomba Year 10. Vitabu vya Literature mwalimu amenitajia kwa simu, viwili tayari vipo maktaba ya mtaani. Kijana mwenyewe kakaa na safu zake mbili za tamathali tangu jana, kaongeza na takriri.

Bado sijajua ile karatasi ya FTNA igongwe muhuri na nani. Fomu ni kesho.

---

Kutoka: Mwl. Said, Reading
Tarehe: 15 Januari

Takriri ni sahihi, wanaiuliza sana kwenye karatasi ya pili. Mama Neema, kikokotoo kiwe cha kisayansi chenye kitufe cha sehemu, na asikibadilishe tena mpaka Juni. Mikono ikizoea vitufe, nusu ya makosa inaondoka.