Kikundi cha Familia: Ukoo wa Masasi

Dada Mkubwa, Mtwara (1:12 asubuhi): Shikamooni wakubwa, na wadogo habari za asubuhi. Hii ni mara ya tatu ninaandika jambo hili. Jumamosi ninakwenda Masasi kuomba nioneshwe vitabu vya zamani vya ubatizo. Kabla sijafika ninataka kujua kama babu yetu mkubwa alikuwa katika kundi la watumwa walioachwa huru, lile lililoletwa na Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana kutoka Unguja mwaka 1876, au alikuwa mwenyeji wa pale. Kama alitoka Unguja, itabidi tuanzie Mbweni, kwenye shamba la misheni walikowekwa watu waliookolewa majahazini, na nyaraka za misheni hiyo ziko Oxford.

Shemeji, Songea (1:40): Nauli nitachangia, ila msiniulize habari za mwaka 1882.

Binamu, Newala (1:43): Usitukimbie, shemeji. Wangoni wenu wa Songea walipoivamia misheni ya Masasi mwaka huo waliondoka na mateka, kwa hiyo huenda ndugu tunayemtafuta ni wewe. Faini ni mbuzi.

Dada Mkubwa (1:50): Mbuzi asubiri. Waliobatizwa walipewa majina mapya, na tusipolijua jina lake la nyumbani tunaweza kulifunua jani lake tukalipita. Nani analijua?

Dada Mkubwa (4:05): Nimeona watu kumi na wanane wamesoma.

Kaka, Dar es Salaam (7:31 mchana): Nami nimesoma. Mwaka ule wa mikorosho ya bondeni, mlipotuambia kwamba tumbo letu ni la watoto wa mateka na hatuna mgao, mbona hakuna aliyedai kitabu?

Dada Mkubwa (7:34): Kaka, hayo ni ya kikaoni.

Kaka (7:35): Kikao kipi? Kile mlichokaa bila sisi?

Binamu (7:41): Na mbuzi je?

Mjukuu, kwa niaba ya Babu Mdogo (2:20 usiku): Babu amenituma niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Bibi yangu alikuwa binti wa huyo mzee. Aliniambia kwamba kila masika alikuwa akimkanda baba yake kifundo cha mguu, palipokuwa na kovu la pingu. Alikamatwa angali mtoto, ng'ambo ya Ruvuma, akapitishwa Kilwa. Nyote mmetoka kwake, na aliyelitamka neno lile kwenye mikorosho alijitukana mwenyewe. Jina lake la nyumbani ninalo, lakini silitaji kwenye simu. Anayelitaka aje tukae mkekani."

Dada Mkubwa (3:48): Shikamoo Babu. Nimesikia. Ijumaa jioni nitapita kwako kabla ya kwenda kanisani. Kaka, tafadhali njoo twende pamoja.

Shemeji (3:55): Mbuzi nitamleta.

Kaka (5:10): Maneno ya Babu nimeyapokea. Nauli nitatuma, habari ya kuja nitasema kesho.

Dada Mkubwa (5:11): Kesho saa ngapi?