Presha ya Zuhura

Mama Zuhura: Assalaam alaykum. Zuhura amelazwa leo, ametokea kliniki moja kwa moja. Presha 165/110, mkojo una protini, kichwa kinamgonga tangu jana. Mimba wiki 31. Wanasema ni dalili za kifafa cha mimba. Dua zenu.

Salum: Wa alaykum salaam. Mungu amshushie wepesi. Lakini kwetu nani ana kifafa?

Shangazi Mkunga: Salum mwanangu, hiki si kifafa cha ukoo. Shida inaanzia kwenye kondo la nyuma, mishipa yake haikukaa sawa. Presha hupanda kuanzia wiki ya 20 na kuendelea. Ikiachwa, mama anashikwa na degedege.

Asha: Mimi yangu ilikuja wiki ya 38. Wakanianzishia uchungu usiku uleule, siku ya nne niko nyumbani na Idrisa wangu. Si wamzalishe tu?

Shangazi Mkunga: Idrisa alikuwa keshapevuka, Asha. Wa Zuhura mapafu bado. Na ikija kabla ya wiki 34 huwa kali zaidi, maana kondo limechoka mapema, mtoto anadumaa humo humo tumboni. Dawa yake hasa ni mtoto na kondo kutoka. Sasa daktari anavutana na siku: kila siku anayokaa tumboni mtoto anapata nguvu, ila figo na ini la mama vikianza kuharibika hawatasubiri.

Mama Zuhura: Kachomwa ya kukomaza mapafu ya mtoto. Na nyingine, anasema mwili mzima uliwaka moto.

Shangazi Mkunga: Hiyo magnesiamu, inazuia degedege. Joto hilo la kawaida.

Bibi: Mie nilidhani kuvimba ni mtoto wa kiume. Ijumaa pete tuliitoa kwa sabuni, kidole kimekuwa kama muhogo 😭

Shangazi Mkunga: Usijilaumu mama. Miguu wengi huvimba. Ila uso na vidole vikivimba ghafla, kichwa kisichosikia dawa, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya chembe ya moyo, hapo hatulali nyumbani.

Salum: Akishajifungua imekwisha?

Shangazi Mkunga: Hapana. Degedege huweza kuja hata baada ya kuzaa, hasa siku mbili za mwanzo. Apimwe mpaka wiki ya 6.

Siti: Shangazi, mimi nina wiki 13 na kliniki sijaanza 🙈

Shangazi Mkunga: Siti! Kesho asubuhi uende. Waambie dada yako wa tumbo moja amepata. Wakiona inafaa watakupa aspirini dozi ndogo, na hiyo inataka ianze kabla ya wiki 16. Usijinunulie dukani.

Siti: Saa moja niko pale.

Mama Zuhura: Wamempima tena, 148/96. Amekunywa uji nusu kikombe.

Shangazi Mkunga: Alhamdulillah. Mfuko wa kukusanyia mkojo umefika wapi? Hapo ndipo tunajua figo zinafanya kazi.

Mama Zuhura: Mstari wa mililita 200.